Kesi ya Mfereji wa Chini

Subukia, 14 Januari 2024

Kwa binti yangu Wariara,

Nakusalimu sana. Sisi huku tuko salama, ila goti langu halitaki baridi ya asubuhi. Mama yako anauliza kama kile kifua kilipona, na kama hapo Karagita mnapata maziwa ya maana. Simu zangu hushiki, na sikulaumu. Ndiyo maana naandika.

Jumamosi kamati ya maji tulikuwa na kesi. Odero, yule mwalimu aliyepanga kwa Kiarie, alishtakiwa kwamba amekata paipu. Watu walikuja wakiwa wameshaamua. Mimi kama mwenyekiti nikasema hapana, mgeni asikizwe. Akaongea karibu saa nzima, akaleta shahidi, ikajulikana ni trekta ndiyo ilipita juu ya paipu. Watu wakanisifu, nami nikaanza kufurahi.

Ndipo Jemutai akasimama, yule aliyekushtaki mwaka juzi kwamba umemwibia maji, miche yake ya kabichi ilipokauka. Akasema, "Mzee Hiram, ile kesi ni mimi nilishinda, na bado hainikai vizuri. Huyu mgeni umemsikiza. Wariara mbona hukumsikiza?"

Nilifunga mkutano kwa maombi, na hata maombi yenyewe sikuyamaliza.

Siku ile ulipoinua mkono nilikwambia ukae, wewe ni mtoto wangu, nikikupa nafasi watasema nimekupendelea. Nikakutoa kazi ya kufungulia watu maji, nikakuamuru uombe msamaha mbele ya wote. Wiki iliyofuata ukaondoka. Tangu hapo nimekuwa nikijisifu kwamba mimi kwenye haki sijui mtoto wala jirani.

Nakuuliza leo kitu ambacho sijawahi kukuuliza. Ni wewe ulifungua mfereji wa chini, maji ya Jemutai yakaja kwetu?

Baba yako.

Subukia, 3 Machi 2024

Wariara,

Natumaini u mzima. Sijui kama barua ya kwanza ilifika. Kama ilifika na umeamua kunyamaza, najua nimestahili. Mvua bado.

Baba yako.

Karagita, 21 Aprili 2024

Kwa Baba,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Barua zote mbili zilifika. Kifua kilipona. Maziwa tunapata, ya pakiti.

Ndiyo, baba. Ni mimi nilifungua.

Mchana ule paipu kubwa ilipasuka juu ya nyumba ya Mama Joan. Maji yakaanza kula ukuta wake wa udongo, naye alikuwa ndani na ile miguu yake mibovu. Ufunguo wa tangi ulikuwa nao wewe, na ulikuwa umeenda Nakuru. Njia iliyobaki ya kupunguza nguvu ya maji ilikuwa mfereji wa chini, na huo humwaga shambani kwetu. Ndiyo maana kwetu kulilowa na Jemutai akakosa maji siku tatu. Nilipaswa kwenda kumwambia mapema. Hilo kosa nalikubali.

Mama Joan alijikokota na fimbo mpaka mkutanoni aseme hayo. Ulimwambia arudi nyumbani, eti ni rafiki wa familia.

Ungenisikiza kisha unipate na makosa, ningevumilia. Lakini watu walikupigia makofi, na niliuona uso wako. Ulifurahi, baba.

Nilitaka kukuandikia haya Januari, nikiwa na hasira. Kilichonizuia ni aibu yangu mwenyewe. Hapa shamba la maua wafanyakazi walinichagua niwe kwenye kamati ya nidhamu. Desemba akaletwa Chepkemei, jirani yangu, ukuta wetu ni mmoja. Walisema amelala kazini. Nilijua ni mgonjwa, asubuhi hiyo mimi ndiye nilimpikia uji. Sikusema. Niliogopa wenzangu wataona namtetea kwa sababu ya ujirani. Nikainua mkono pamoja nao, afutwe kazi. Alihama bila kuniaga.

Mimi ni mtoto wako kweli.

Binti yako, Wariara.

Subukia, 19 Mei 2024

Binti yangu,

Salamu. Mvua ilikuja, na mama yako ni mzima. Barua yako niliisomea zizini ili asinione.

Mama Joan tulimzika Novemba. Sina wa kumwomba msamaha.

Jana niliitisha mkutano, nikakataa kukaa kwenye meza ya mwenyekiti. Nikawaambia ile kesi haikuwa yangu kuamua. Nilipaswa nikae kando, wengine wakusikize. Badala yake nilitaka niitwe mtu wa haki, na aliyeumia ni mtoto wangu. Nikawasomea barua yako mpaka ilipofika kwa Chepkemei, nikaikunja. Hayo ni yako.

Okeyo wa kamati, ambaye ndiye aliongoza, akaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina. Akasema, "Fikiria kwanza, mzee. Hatuna haraka."

Wakaningoja. Nikaongea mpaka nikaishiwa, na hakuna aliyenikatiza, hata Jemutai. Hapo ndipo nilijua ni kitu gani nilikunyima. Nilishindwa kuinua macho.

Wameniondoa uenyekiti, na wameandika kwamba hukuiba maji. Sikuombi urudi.

Lakini Chepkemei mtafute. Usiende kumweleza yako. Muulize, kisha unyamaze.

Baba yako, Hiram.