Samaki Hawakuambiwa

Torre Faro, Messina
Jumatano, 29 Oktoba

Mpendwa Dada Agatina,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini baridi ya Torino haijakurudishia kile kifua. Mimi na mwanao Placido hatujambo, ila usingizi ndio umetuhama. Uniwie radhi kwa mwandiko. Nakuandika nikiwa na hasira.

Kazi uliyoniombea kwenye kituo cha utafiti wa bahari unaijua. Alfajiri mkondo ukishawatupa samaki wa kina kirefu ufukweni, naokota walio hai, natia kwenye ndoo nyeusi, nawapeleka chumba cha giza. Humo taa haiwashwi kabisa. Jioni natazama vile vitaa vya matumboni mwao, naandika saa wanayopanda kutoka chini ya tangi hadi juu ya maji, maana hata bila kuliona jua, miili yao inajua limezama. Wiki nzima walipanda saa kumi na mbili. Jumapili wakapanda saa kumi na moja. Jumatatu vilevile.

Daktari Intelisano, mkuu wa kituo, alifura. Akasema nilifungua mlango nikamnyonyeshe mtoto, mwanga ukaingia. Nikakana. Akaniuliza mbele ya wanafunzi wake, eti mimi bibi maziwa ndiye nitakayemfundisha yeye samaki? Wakaangua kicheko. Kisha akanisogezea karatasi ya kukiri kosa: nitie sahihi au niondoke.

Dada, nilitia sahihi. Mama nimemficha, wewe siwezi. Nilikiri kosa nisilolifanya, kwa woga tu.

Leo asubuhi Placido kaamka na njaa saa kumi na moja, siku ya nne mfululizo, naye tangu azaliwe ni mtu wa saa kumi na mbili. Nikamwambia, baba wee, bado saa nzima! Hapo hapo nikaduwaa, titi mkononi. Si Jumapili nchi nzima tulirudisha saa nyuma kwa saa moja, kama kila mwaka baridi ikikaribia? Ya ukutani kituoni aliirudisha Daktari mwenyewe, kapanda kiti. Saa kumi na mbili ya Jumamosi ndiyo kumi na moja ya leo. Mtoto hakuambiwa. Samaki hawakuambiwa.

Nikaenda kituoni na mtoto kifuani, nikamweleza Daktari. Masikio yakamwiva. Akasema sawa, atarekebisha hesabu, lakini karatasi yangu ibaki kwenye faili, ni taratibu tu. Taratibu! Nikaichomoa mezani kwake nikaichana vipande, wanafunzi walewale wakitazama. Safari hii hakucheka mtu. Akaniambia nisirudi.

Sasa nisikilize, dada. Najua utataka kumpigia simu kuniombea. Usimpigie. Nimeomba msamaha wa uongo mara moja, inatosha.

Nisalimie shemeji na watoto. Placido anakubusu.

Mdogo wako akupendaye,
Letteria