Vichwa Vinne Chini ya Turubai

Alhamisi, 8 Agosti 1974

Tunaenda pikiniki! Jumamosi. Mimi ndiye nimeamua, mume wangu Gibson ameambiwa tu. Bosi wake wa stesheni alipeleka familia kula chini ya miti mwezi uliopita, na mkewe hajanyamaza mpaka leo. Sasa atanyamaza. Wale wana watoto wawili, mafua mwaka mzima. Mimi nina wanne, wana afya, wana adabu, na sijawahi kupoteza hata mmoja sokoni. Wengine wanapoteza!

Tutakaa mtoni kule Wusi, chini ya boma la mama mkwe. Kuna baridi na majani mabichi. Hapa Voi ni vumbi na moshi wa treni. Ubaya ni mama mkwe mwenyewe. Mwaka mzima anataka nimwachie Danson akae naye, eti ana jina la marehemu babu yake, kwa hiyo ni wake. Anamwita "mume wangu." Mume ana miaka minne na bado anakojoa kitandani! Nimekataa mpaka mdomo umechoka. Simpi mtu.

Ijumaa, 9 Agosti

Chapati thelathini. Laini – unaweza kuzikunja kama leso. Mwanaesha jirani ameonja tatu, akasema mashallah, hizi umefunzwa na watu wa pwani. Nimefunzwa na mikono yangu! Ameomba nimchukue Miraj wake, hajapanda mlima hata siku moja. Nikasema alete. Mtoto mmoja zaidi ni nini kwangu?

Jumamosi, 10 Agosti

Nitaandika yote.

Mbuvi, rafiki wa Gibson, alileta pikapu yake saa aliyosema – ajabu ya kwanza. Tukafika mtoni, nikatandika blanketi langu la maua. Mama mkwe akateremka na fimbo yake, akatutazama. Akauliza nyumba yake ina kasoro gani mpaka tule kwenye majani kama mbuzi. Halafu akala chapati sita.

Mwanangu Donald aliteleza majini. Gibson akaruka kumwokoa na viatu vya kanisani, akipiga kelele, "Shika mkono! Shika mkono!" Maji yalikuwa ya magoti. Nilicheka mpaka kichomi. Danson hakuona lolote, alikuwa mgongoni kwa nyanya yake, anapelekwa kutazama ng'ombe.

Mara mvua. Mbuvi akafoka barabara itateleza, twendeni, twendeni! Watoto wakarushwa nyuma, wakafunikwa turubai. Nikaingiza mkono nikapapasa vichwa. Moja, mbili, tatu, nne. Wote! Nikakaa mbele na wanaume, nikiimba mpaka Voi.

Nyumbani Mwanaesha akaja kumchukua Miraj. Akawatazama waliobaki – Mable, Donald, Dinah.

"Mwenzangu," akasema, "na kitinda mimba wako je?"

Vinne. Cha nne kilikuwa cha Miraj.

Nikamrukia Mable, mbona hukusema? Akajibu polepole kabisa, "Nyanya alisema anabaki. Nilijua umempa."

Gibson anasema mtoto yuko kwa nyanya yake, si kwa simba. Huyu mume sitaki hata kumwona.

Jumapili, 11 Agosti

Basi la kwanza mpaka Wundanyi, kisha miguu, matope mpaka magotini. Nilikuwa na maneno. Njia nzima nilikuwa nayapanga.

Nikafika kanisa likitoka. Wanawake wakanizunguka, wananishika mikono yote miwili. "Mama Mable! Mungu akubariki! Wake wa mjini wanamnyima mama mkwe hata chumvi, wewe umetoa mtoto!" Kumbe mama mkwe alisimama mbele ya watu wote akashukuru. Mchungaji ameniombea kwa jina. Jina langu, Jedidah, limetajwa Wusi nzima!

Sasa niseme nini? Kwamba nilimsahau kama mwavuli?

Nikasema, "Ni kawaida yangu." Mdomo huu!

Danson amenyolewa kipara. Ana kijiko mkononi na kimanga, ule mseto wa mihogo na maharage, mpaka masikioni. Alinikumbatia, ndiyo, kwa mkono mmoja. Ule wa kijiko haukuacha sahani.

Jioni jikoni nilimwambia mama mkwe waziwazi: Mama, unajua sikumwacha kwa hiari. Akaendelea kusukuma kuni. Akasema, "Najua." Sikuitegemea hiyo. Kisha akasema tangu mzee aende hakuna anayemwita akiwa shambani. Jana Danson alimwita kutoka mlangoni mpaka majirani wakacheka. Ndipo akasimama kanisani.

Nikasogea nikamsukumia kuni. Mimi!

Jumatatu, 12 Agosti

Mbuvi atapita kunichukua, amepeleka mahindi Wundanyi. Naandika kwenye meza ya mama mkwe. Nimeshafunga nguo zangu. Nguo za Danson sijui nifunge au niache. Nikizifunga, kesho kanisa zima litajua mimi ni mama wa namna gani. Nikiziacha, nitalala vipi mimi?

Mama mkwe ameenda kukata majani ya ng'ombe – makusudi, najua. Hataki kuona. Na Danson yuko mlangoni anamwita, "Mke wangu! Mke wangu wee!" Bibi anaitikia kutoka bondeni kama msichana.

Honi. Mbuvi huyo.

Danson amekimbia ndani, amebeba mfuko wangu kwa mikono miwili, unamburuta yeye. Ameuweka miguuni pangu.

"Mama, gari lako limekuja."

Lako!

Honi tena. Anafoka huko chini, Shemeji, nina safari! Apige tu.

Nimevua viatu.