Kiwanja cha Kumi na Tatu

Mama, wiki hii mwaka mzima umetimia tangu ulipoondoka bila kuaga, na viatu vyako vya mpira bado viko mlangoni. Baba hataki viguswe. Tukivisogeza ili tufagie, anavirudisha palepale, ncha zikitazama nje, kama vile unachelewa maji kupwa.

Hukupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, kwa hiyo tuseme kweli: nyumba hii ilijaa wivu. Baba alizionea wivu nyasi bahari. "Angekuwa mtu ningemkaba shati," alikuwa akisema. "Nyasi nitazikaba wapi?"

Kila mwezi, siku za bamvua, bahari inapokupwa mpaka mbali, ulikwenda kuzihesabu. Viwanja kumi na viwili, kila kimoja na vigingi vyake vinne, kutoka ufukweni hadi kule maji yanakoanzia. Ulipiga magoti, ukalaza ile fremu yako ya bomba la plastiki, ukahesabu shina moja moja, penseli ikining'inia shingoni kwa uzi. Ulisema pale ndipo samaki wanapolelea watoto wao. Sisi watoto wako tulikuwa tunajilea wenyewe, tukikuangalia kwa darubini ya Baba.

Na wale wanafunzi wako wa chumba cha matangi, pale kituo cha utafiti wa bahari! Ulimwekea kila mmoja jongoo bahari kiganjani, ukamwambia: "Msalimie kwanza. Yeye yuko kwake, wewe ndiye mgeni." Majina yao uliyajua yote. Nyumbani ulitaja la Dada, la Baba na la paka kabla hujamfikia kitinda mimba wako, ambaye mwisho ulimwita Chaza tu, kwa jinsi alivyokuganda gauni kama chaza kwenye mwamba.

Siku ya kukuzika, vijana hao walijaa uani wakilia, "Mama yetu, mama yetu." Chaza akamnong'oneza Dada: "Mama yao tangu lini? Wamewahi kufinywa hata mara moja?" Dada, machozi yakimtiririka, akacheka mbele za watu. Utusamehe kwa hilo.

Liko na jingine la kusamehe, ambalo Chaza alilimeza miaka kumi na minne, na wewe ukaondoka hajakuambia.

Alipokuwa anatimiza miaka kumi na mmoja, uliahidi kuwahi nyumbani. Siku hiyo ikaangukia kwenye bamvua. Chaza akapiga hesabu zake: kiwanja cha kumi na mbili ndicho cha mbali kuliko vyote, kikisogea Mama atawahi. Basi jana yake, maji yamekupwa na wewe uko na wanafunzi wako, akabeba nyundo ya Baba, akang'oa vile vigingi vinne, akavipigilia upya hatua sitini kuja pwani. Akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Ulirudi umelowa mpaka kifuani, keki imekwisha. Ulikuwa umeshinda ukikitafuta kiwanja.

"Nani amehamisha vigingi vyangu?"

Dada akamtazama Chaza. Chaza akatazama dari. "Labda kaa, Mama."

"Kaa gani huyo anayebeba nyundo?"

"Wapo."

"Basi akionekana aje kituoni, nina kazi ya kumpa."

Hukuuliza tena. Ila tangu mwezi ule ukawa unachelewa zaidi, nusu saa nzima zaidi, na Chaza akazidi kuzichukia zile nyasi. Akajiambia kwamba umeshachagua, na hukumchagua yeye.

Mwezi uliopita Mzee Ndoo, msaidizi wako (yule aliyekuja na ndoo hata kwenye harusi ya Dada), alituita tukamsaidie kuhesabu. Chaza alikwenda amenuna. Akapokea karatasi ya kujazia, akaisoma mara mbili.

"Mzee Ndoo, viwanja si kumi na viwili? Mbona hapa kuna kumi na tatu?"

"Cha kumi na mbili mama yako alikirudisha mahali pake. Hiki kingine alikianzisha pale vigingi vilipohamishiwa."

"Kwa ajili gani?"

"Hata mkuu wa kituo alimuuliza. Hakikuwamo kwenye ramani, hakina maana yoyote kitaalamu. Akajibu, 'Mwenyewe ana wivu. Tukimwacha nje atanuna.' Akawa anakihesabu yeye, mwisho kabisa, baada ya vyote. Ukitia mkono wako pale anakufukuza. Mimi nimefukuzwa mara tatu."

Vile viwanja vingine vina namba tu, Mama. Hiki uliandika jina: Chaza.

Kumbe ile nusu saa ilikuwa yake. Kila mwezi, miaka kumi na minne, mtoto amekaa dirishani na darubini, anazionea wivu nyasi, na wewe uko kule umempigia magoti. Chaza alikaa chini kwenye tope na suruali yake nzuri. Mzee Ndoo akageuka akajifanya anaosha ndoo.

Basi jibu ndilo hili, limechelewa: hakuwa kaa. Alikuwa Chaza, na nyundo ni ya Baba. Amekuja kituoni kama ulivyosema, na kazi ameichukua. Kiwanja cha kumi na tatu anakihesabu yeye. Mzee Ndoo alisogea kumsaidia, akafukuzwa mara ya nne.

Hesabu ya mwezi huu: mashina arobaini na moja, machache kuliko ya jirani zake wote, na jongoo bahari mmoja. Amesalimiwa kwanza.

Unakumbukwa na mumeo, mlinzi wa viatu. Mwanao wa kwanza, Dada, na mumewe. Mjukuu wako ambaye hukumwona, naye ameshaanza kuganda gauni. Dada yako, Mama Mdogo wetu. Mzee Ndoo na wenzako wa kituo. Na kitinda mimba wako, Chaza. Wale vijana wa matangi nao wanakukumbuka. Haya, Chaza amekubali waandikwe, ila wakae mstari wa nyuma.

Kwenye bamvua na kwenye maji mafu yasiyokupwa mbali, Mama, hatutakusahau daima.