Ndoo ya Moto

Karema, Alhamisi, Agosti 1975

Upepo wa kusini unavuma tangu alfajiri. Ziwa limechafuka, na roho yangu pia.

Leo nimekataa kuandika neno moja. Nahodha amenipa hadi kesho asubuhi nibadili mawazo, la sivyo nitafute kazi nyingine.

Boti yetu ni kuukuu, mbao zake zimekunywa mafuta tangu enzi za Mwingereza. Ikidondoka cheche moja, tumekwisha. Kwa hiyo mwezi uliopita mkaguzi alipotuletea kanuni za moto, mimi karani wa abiria nilifurahi kweli. Hakuna kupika ndani ya boti, hakuna sigara karibu na mapipa ya petroli, na pawe na ndoo nyekundu iliyojaa mchanga. Nikaambiwa niandike juu yake kama ilivyo kwenye karatasi: NDOO YA MOTO. Nikaandika kwa rangi nyeupe, nikajisifia mwandiko.

Jana akapanda Bibi Felista, anakwenda Ikola kwa binti yake aliyejifungua. Viberiti vimeadimika madukani, basi akabeba makaa ya moto kwenye kichungu, kayafukia kwa majivu, ili akifika tu abandike uji wa mzazi. Kukagua mizigo ni kazi yangu. Sikufunua kile kichungu.

Bibi amemaliza kisomo cha watu wazima mwaka huu, na sasa anasoma kila kinachosomeka: magunia, kanga za watu, matangazo ya zahanati. Akaisoma ndoo yangu, herufi kwa herufi. Kisha akamimina makaa yake humo, akaketi pembeni ametulia, mtu aliyetii sheria.

Moshi ulipoonekana watu walipiga mayowe. Hakuna kilichoungua, mchanga uliyazuia makaa. Lakini nahodha alimfokea mbele ya abiria wote, akamshusha kabla hatujang'oa nanga.

"Mwanangu," Bibi akaniambia, "si mmeandika nyie wenyewe?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka pamoja na wengine.

Leo nahodha kaniletea taarifa ya tukio niijaze. Mahali pa sababu anataka niandike: Alikaidi. Neno hilo likiingia, Bibi hapandi tena boti hii, na kwenda Ikola itakuwa kwa miguu, na magoti yale. Atamwona lini mjukuu wake? Na anayetaka Bibi aandikwe mkaidi ni mtu anayevuta sigara ameegemea pipa la petroli! Nyani haoni kundule.

Naogopa, sitajidanganya. Kazi kama hii haipatikani Karema. Ila nauogopa moto zaidi, na kanuni nazipenda kuliko nahodha anavyozipenda. Kanuni isiyoeleweka ni ya kumkomoa nani?

Mchana nimerudi botini na kopo la rangi bila kumwomba mtu ruhusa. Nimefuta, nimeandika upya: MCHANGA WA KUZIMA MOTO. Herufi zimebanana, ya mwisho imepinda hadi karibu na mshikio. Mwandiko mbaya kuliko yote niliyowahi kuandika.

Kisha nimeijaza taarifa. Kesho asubuhi nahodha ataikuta mezani kwake, na juu yake tiketi ya Bibi Felista ya kwenda Ikola, ambayo bado haijatumika.

Sababu ya tukio: Alisoma.