Wadudu Wako Waliukataa Mchanga

Runzewe, Bukombe
8 Machi 2025

Mpendwa Kaka Damian,

Shikamoo. Baridi ya Songea inakuonaje, na kile kifua kimekuachia? Wanafunzi wanakusikia? Sisi huku tunaendelea. Tumbo langu limeingia mwezi wa sita, na Mama anasema mtoto ni mbishi kama mjomba wake.

Kaka, wadudu wako wamekufa. Nakuambia mapema nisije nikazungukazunguka. Kati ya thelathini ulioniachia kwenye beseni, wamebaki saba.

Mwanzoni nilikucheka, mtu mzima na shule yako unafuga madude ya kijivu ya chini ya magogo! Lakini niliwazoea, nikawapenda. Wanataka unyevu, majani makavu na gome lililooza, basi. Mmoja alivua gamba nusu ya nyuma tu, nikadhani anaumwa. Baada ya siku mbili akavua na ya mbele. Mwingine nilimwona amebeba mayai kwenye kifuko chini ya tumbo, nikajikuta nimeshika langu.

Mwezi wa kwanza shemeji yako Ignas alileta mchanga wa marudio, ule uliokwisha kuoshwa dhahabu kule kwenye karasha, wanakosaga mawe. Tuliuchanganya na udongo tukakandikia kuta za jiko. Ukabaki kidogo, na wiki mbili zilizopita nikawatandikia wadudu wako, maana ni mlaini. Wakapanda kuta za beseni wote. Nikawarudisha chini, nikisema wana maringo. Siku ya nne wengi walikuwa chali, mwenye mayai akiwemo. Hao saba niliwakuta juu ya gome, nikawahamishia udongo wa mgombani.

Sasa hili usimwambie Mama. Unawajua wajawazito wa kwetu na udongo. Udongo wa pemba upo dukani, lakini jiko likipigwa na mvua lilikuwa linanukia, kaka, we acha tu. Nikawa nabandua ukuta kidogokidogo na kula. Wiki tatu nzima. Wadudu walikataa hata kuukanyaga, mimi nikaumeza.

Sijui ni ile zebaki wanayokamatia dhahabu au ni nini, sina kipimo. Nimeacha, ila naogopa sana. Jana nilimwambia Ignas. Hakunigombeza. Alichukua jembe akaanza kulibomoa jiko. Jumatatu tunakwenda kliniki wote wawili, na nitasema yote, hata aibu ya ukuta.

Msalimie wifi Salvina na Nestory. Mungu awafunike huko mliko, na huyu wangu mumtaje kwenye rozari.

Kila asubuhi nawahesabu wale saba, halafu nakaa kimya nikingoja mtoto acheze. Leo amecheza.

Wako akupendaye,
mdogo wako Serafina