Nilirefusha Meno ya Dada Ili Kufuta Mikunjo

Hapana mshauri, sio mteja, ni dada yangu. Juzi nilipopiga simu kwenye kipindi chako cha redio ukaniuliza hayo meno nilimtengenezea nani, nikakata nikasingizia mtandao, na mtandao ulikuwa mzima kuliko mimi, sasa nakujibu kwa barua maana barua haitetemeki sauti, nisaidie ndugu yako nimekwama.

Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Shule niliiacha darasa la nne, tuliachana bila ugomvi, ufundi nikauokota kwa kufagia karakana ya mzee mmoja mpaka siku akanipa nta nishike, na mdomo ninao, nikikukuta umeng'oka jino moja naweza kukushawishi hata yaliyobaki hayakufai. Dada ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Ni dalali kwenye mnada wa samani za mitumba, mwanamke anayeweza kukuuzia kabati lisilo na mlango ukaondoka unashukuru kwamba mlango ungekusumbua. Meno yalipomwisha na ufizi ukapona, daktari akasema vipimo tuvichukue kliniki, yeye akiwepo. Mimi nikamwambia dada, daktari wa nini, mimi na wewe tunaelewana.

Sasa kosa lenyewe ni hili. Kazi yetu ina kanuni hata fundi mlevi anaijua: mtu akitulia, midomo imegusana tu, meno ya juu na ya chini hayatakiwi kugusana, lazima ubaki upenyo wa milimita mbili tatu, hapo ndipo taya linapumzikia. Unaweka nukta puani, nukta kidevuni, unapima na rula. Nikapima, nikapata, nikaandika. Halafu nikamwangalia usoni, mashavu yameingia ndani, mikunjo pembeni mwa mdomo, nikaikumbuka sura yake enzi za kunibeba mgongoni, na ile mikunjo mshauri, ukiichunguza vizuri, nusu yake niliiweka mimi. Na najua ukirefusha meno mashavu yanajaa, mikunjo inanyooka. Nikaongeza milimita tano. Ule upenyo wote nikaula.

Alipoyajaribu yakiwa bado kwenye nta, hatua ambayo kila kitu kinarekebishika, akaniambia, "Mdogo wangu, mbona taya kama limebeba mzigo?"

Nikamwambia, "Dada, uzuri una uzito. Utazoea."

Akajitazama kwenye kioo akacheka, "We mtoto, umenirudisha usichanani." Basi nikayamalizia, yakawa magumu, na picha yake nikaibandika mlangoni pa karakana, kabla na baada, wateja wakaja kwa ajili ya ile picha.

Wiki iliyopita nikapita kwake mchana bila kusema. Nikamkuta jikoni amenipa mgongo, anaponda chakula kwa uma kama cha mtoto, meno yako kwenye kikombe dirishani. Aliposikia hodi akayadaka akayatia mdomoni, akageuka anatabasamu, ila jicho moja lilifumba kwa maumivu. Akasema, "Karibu, ungewahi tungekula wote, mimi nimeshiba." Sahani ilikuwa imejaa.

Shemeji akanisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia, "Bwana shemeji, usinitaje. Yale meno anayavaa ukija wewe. Ukitoka tu, kikombeni. Ana kidonda chini wiki ya tatu hii, na akiongea yanagongana kama mtu anapiga taipu. Mnadani siku hizi anaandika stakabadhi, kunadi kampa mwenzake."

Nikamuuliza, "Na yeye anasemaje?"

"Anasema mdogo wake fundi hodari, ufizi wake yeye ndio mkorofi."

Mshauri, hapo ndipo nilipokwisha. Kusugua hayo meno hakusaidii, milimita tano hazisuguliki, lazima yatengenezwe upya. Nimefikiria nimwambie imetoka aina mpya nambadilishia, asijue kitu, nirekebishe kimyakimya. Lakini ataendelea kuamini mdomo wake ndio mbovu. Na nikisema kweli, je, ataniruhusu tena nimshike taya? Mimi ni mtu wa utani, hili sijui pa kulianzia.

Ni mimi, Fundi Tabasamu

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, kwenye kabati lisilo na mlango nilicheka. Baada ya hapo sikucheka tena.

Nakuamini kwamba ulimpenda. Lakini wewe uliitengeneza picha, sio mdomo. Dada yako hakukuomba ujana, alikuomba meno ya kulia chakula na kufanyia kazi. Alikwambia mapema taya limebeba mzigo, ukamjibu kwa maneno matamu kwa sababu una maneno matamu mengi kuliko unavyohitaji.

Hiyo hadithi ya aina mpya iache. Ukimdanganya, utamrudishia meno na kumwachia aibu. Kwa sasa aibu yako ameibeba yeye, tena anakutetea nayo kwa mumewe. Nenda kwake, usianze na utani, mwambie hivi: "Dada, ufizi wako hauna tatizo. Nilipima sawa, nikazidisha makusudi." Ukimaliza, nyamaza. Akikufokea, mwache akufokee, ana wiki nyingi za kunyamaza ndani yake.

Hayo meno asiyavae tena. Kidonda cha wiki tatu ni cha daktari kukiangalia kwa macho yake, sio cha fundi kukadiria, sio cha shemeji kusimulia barabarani. Kikipona, vipimo vyote vichukuliwe upya kliniki, na kwenye nta umpe nafasi aongee, anadi hata viti vya daktari akitaka, na akisema pamebana, rekebisha hapohapo. Mikunjo yake usiiguse. Picha uibandue leo, na hao wateja waliovutiwa nayo waite mmoja mmoja uwaulize wanakulaje. Sidhani ni dada peke yake uliyempendezesha kupita kiasi.

Unauliza kama atakuruhusu umshike taya tena. Sijui. Huenda atasema fundi mwingine, na utamtafutia huyo fundi mwenyewe.

Sasa tukubaliane. Mimi nina pengo la magego mawili upande wa kushoto, wasikilizaji hawalioni, nakimbia kulizibisha miaka mingi. Siku dada yako atakaponadi asubuhi nzima na meno mdomoni, aniandikie yeye, kwa mkono wake, aseme ulimwambia nini na alikujibu nini. Nikiipata barua hiyo, awe alitengenezewa na wewe au na mwingine, nakuja kliniki nakaa kwenye kiti, daktari pembeni, nakufungulia mdomo unipime. Ila nikikwambia meno yanabana, yanabana. Umekubali?