Mbolea ya Zizi la Mavivi

Hapana, Mama, ile mbolea nyeupe ya dukani sikuinunua, hata kama ulimtuma mchungaji aniambie nisijinyime. Ile inavimbisha majani tu. Nyanya inarefuka, inapendeza kama bibi arusi, halafu haizai. Nami nataka zizae, kwa kuwa mashamba ya nje ya mji hatuyafikii tena sababu ya vita, na mshahara wa Célestin wangu hauji. Tunakula kinachotoka nyuma ya nyumba.

Nyinyi huko Butembo mnaamkaje? Kifua cha Baba kimetulia? Mimi ni mzima, Mama, na ninapendwa! Nikisikia viatu vyake vikirudi kutoka shuleni, moyo unaruka kama siku ya arusi yetu.

Alitaka kunifurahisha. Yeye mtoto wa mji, wa kule Kasai, akachukua mavi ya kuku mabichi, yangali na moto, akayarundika kwenye mashina ya nyanya. "Chérie, mpenzi wangu, nimezilisha!" Huko kwetu baridi ingezisamehe. Joto la huku Beni halisamehe: majani yakaungua, nusu ya miche ikafa. Ningemkasirikiaje, amesimama pale na mikono yake inanuka, anatabasamu? Jirani yetu, Papa Kasereka, akacheka juu ya ua: "Mwalimu, weye unapika mboga mbele ya kuvuna!"

Ndiye aliyetuambia habari za zizi lake la zamani, nje ya mji, upande wa Mavivi. "Basoda, bale baaskari, balikula mbuzi yangu yote, lakini mavi balituachia. Imekaa, imekuwa nyeusi, hainuke tena. Ile haichome kitu. Twende tuchote."

Wakaenda Jumamosi, wawili, na magunia. Nilikuwa nachambua maharagwe niliposikia risasi. Mama, sikujua kwamba mtu anaweza kuomba bila maneno. Alasiri Célestin akatokea njiani amembeba Papa Kasereka mgongoni. Mzee alikuwa amekwisha kufa. Shati la mume wangu nililifua mara nyingi, halikutakata.

Tulimzika haraka, waimbaji wachache, kila mtu akitazama barabara. Na pale pale kwenye kilio mume wangu akaninong'oneza: "Miche iliyobaki inakufa, chérie. Na zizi lingali limejaa." Mjane, Mama Kavira, akasikia. Akasema bila kuinua kichwa: "Mwalimu, mavi ile imekwisha kula bwana yangu. Weye ukae na bibi yako."

Célestin akaitikia kwa kichwa. Lakini ninamjua. Mvua zimeanza, na jana nilimkuta anashona gunia lililotoboka. Anaona haya kwamba mimi nalala na njaa, nami afadhali njaa naye kuliko shibe bila yeye.

Basi, mbolea ya mbuzi zenu msimpe mtu. Igeuzeni, muifunike kwa majani ya migomba, mvua isiifyonze nguvu. Malori ya wafanyabiashara bado yanachukua watu siku barabara ikitulia.

Msalimie Baba, na Bibi anayeniombea, na mdogo wangu wa kwaya, na shangazi wa Kasugho akifika salama.

Ni mimi Masika, mtoto wako, mke wa mtu mwema. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja, nijaze magunia, nirudi kwake upesi, asiwe na sababu ya kutazama upande wa Mavivi.